Siku Isiyo na Sharti

Unga ulianza kuonekana chini ya kabati wiki ile ile kabati lilipoingia ndani. Ulikuwa mwepesi, wa kahawia iliyopauka, kama ule unaoanguka mbao ikitobolewa na dudu. Mke wa nyumba aliufagia asubuhi, akaukuta tena mchana. Alipomwambia mumewe, mume alicheka, akasema mbao nzuri hata dudu wanaijua, akaahidi kununua dawa. Aliyesikia maneno hayo na asicheke ni dada wa mke, ambaye alikuwa ukumbini akipiga pasi nguo za kazini. Alijua kabati lile lisingekanyaga nyumba yao kama si yeye.

Dada huyo alifanya kazi forodhani. Hakuwa mtu wa kufungua makontena wala kupiga mihuri. Alikaa ghorofani mbele ya kompyuta, akitunza misimbo. Kila bidhaa inayoingia nchini ina namba yake, na kila namba imefungiwa masharti: hii ilipe ushuru kiasi fulani, ile iwe na kibali cha afya, nyingine isipite bila cheti cha kupuliziwa dawa. Wakala akiingiza namba ya mzigo wake, mfumo unasoma masharti ya siku hiyo na kumwambia anachotakiwa kuleta. Masharti yenyewe yana tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mtu wa kuzipanga tarehe hizo alikuwa yeye. Mawakala walimbandika jina la Bi Misimbo. Walilitamka kwa heshima yenye kejeli kidogo ndani yake, kwa sababu walijua kidole cha mwanamke yule kikiteleza, mzigo wa mtu unaweza kuozea bandarini.

Hakuwa ameolewa. Wazazi walipofariki alimlea mdogo wake, akamsomesha, akamwoza, na baada ya harusi wakaendelea kukaa wote watatu kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vichache na ukumbi mwembamba. Mume wa mdogo wake, ambaye Bi Misimbo hakumwita jina lingine ila Shemeji, alikuwa mcheshi na mkarimu, na kila biashara aliyoigusa ilimfia mkononi. Safari hii aliagiza kontena la samani zilizotumika kutoka ng'ambo: vitanda, meza, makabati. Mbao zilizotumika zina sharti la kupuliziwa dawa, na aliyemuuzia hakumpa cheti. Kontena likakwama, gharama za kulaza mzigo zikawa zinapanda, na Shemeji akaacha utani.

Aliyekuja kuomba si yeye, ni mkewe, na tumbo lake lililokwisha kuwa kubwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake akasema mtoto atazaliwa akute baba yake amefilisika, na kwamba sharti lenyewe ni la dudu tu, nani aliwahi kusikia mtu amekufa kwa dudu wa mbao. Kisha akasema, "Dada, mimi sijawahi kukuomba kitu cha kukuumiza." Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomshinda Bi Misimbo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Aliingia kwenye namba ya samani za mbao zilizotumika, akaliwekea sharti la dawa tarehe ya kuisha. Kisha akaandika sharti lile lile upya, neno kwa neno, lakini akaliachia lianze baada ya siku moja kupita. Katikati ikabaki siku tupu. Mahali pa kueleza sababu aliandika "marekebisho ya maelezo". Mkuu wa kitengo, aliyekuwa na tabia ya kuidhinisha bila kusoma, akaidhinisha bila kusoma. Siku ile tupu ilipofika, wakala wa Shemeji aliwasilisha mzigo, mfumo haukumdai cheti chochote, na kontena likatoka kabla ya adhuhuri. Kesho yake sharti lilikuwa limerudi mahali pake kama kwamba halijawahi kutikisika.

Samani zilinunuliwa haraka. Kabati moja Shemeji alikataa kuliuza. Lilikuwa refu, jeusi, la milango mitatu, na mmoja wa milango ulikuwa na kioo upande wa ndani. Alimletea mkewe kama zawadi, akalisimamisha chumbani mwao.

Dawa ya dudu ilinyunyizwa, unga ukazidi. Seremala akaitwa. Alilimulika kabati kwa tochi ya simu, akaligonga, akapapasa kila ubao, mwisho akasema hakuna hata tundu moja. Shemeji akamuuliza basi unga unatoka wapi, naye akaanza kukusanya vifaa vyake. Pale mlangoni alimwambia Bi Misimbo kwa sauti ya chini kwamba angekuwa na mke mjamzito, yeye asingemlaza chumba kile. Aliondoka bila kutaka ujira.

Baada ya hapo ikaja sauti. Haikusubiri giza. Ilianza wakati wa jua kali, mtaa umetulia na watu wamejifungia ndani, na ilikuwa sauti ya kukwaruza, ndogo, ya subira, ikitokea ndani ya ubao chini kabisa na kupanda polepole hadi juu, kisha ikaanza tena chini, kama ukucha wa mtu anayesoma maandishi kwa kidole. Halafu harufu ya nywele zilizoungua. Mdogo wake alisema haisikii. Alisema pia kwamba amechoka kufagia, waache unga ukae.

Siku moja umeme ulikatika kazini na wafanyakazi wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Bi Misimbo aliingia kimya, viatu mkononi, akidhani mdogo wake amelala. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mdogo wake alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kabati, miguu ameinyoosha, akigusisha kidole kwenye unga na kukilamba, akigusisha na kulamba, bila haraka, kama mtoto anayekula sukari. Bi Misimbo alijituliza kwamba wajawazito hula udongo, wengine hula chaki, hilo si jambo geni, akapiga hatua amwinue, na hapo ndipo alipotupa jicho kwenye kioo cha ule mlango wa kabati ulioachwa wazi, akaona chumba chote kilivyo, kitanda, pazia, yeye mwenyewe na viatu vyake mkononi, lakini mahali alipokaa mdogo wake kwenye kioo palikuwa na mtu aliyempa kisogo, na mtu huyo alikuwa amesimama.

"Umewahi kurudi leo, Bi Misimbo," mdogo wake alisema.

Sauti ilikuwa ya mdogo wake, ila ilitoka taratibu mno, kama inajaribu mdomo. Na jina lile la mawakala halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba.

"Nani wewe?" Bi Misimbo aliuliza, na hakuisikia vizuri sauti yake mwenyewe.

"Mgeni. Na usinitazame kama mwizi, sikuvunja mlango. Wenzangu hupuliziwa moshi hukohuko bandarini hata hawajanyoosha miguu. Mimi nilifika siku ambayo mlango haukuwepo."

"Unataka nini?"

"Nimekwisha kupata." Mkono wa mdogo wake ukainuka, ukatua juu ya tumbo.

Shemeji aliposimuliwa jioni ile hakuamini, au hakutaka kuamini. Alimpeleka mkewe hospitali, wakaambiwa damu imepungua sana, wakapewa vidonge. Siku iliyofuata alileta mahamali walitoe kabati ili angalau Bi Misimbo aache kumsumbua. Walilifikisha ukumbini. Hapo mdogo wake akaanguka akishika tumbo, na ukelele alioutoa uliwatoa majirani nje. Walipolirudisha chumbani, maumivu yakakatika mara moja, akaomba maji ya kunywa. Shemeji alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi, akamwambia Bi Misimbo amtafute mtaalamu wa mambo hayo, yeyote anayemjua.

Mtu mwenyewe walimwita Mama Cherehani, kwa sababu alishona sare za shule karibu na soko, na hii kazi nyingine aliifanya bila kuitangaza. Alikuja saa za mchana, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakuleta ubani wala kuku. Aliomba beseni la maji na kiti, akajifungia chumbani na mgonjwa, na wale wawili wakabaki ukumbini wakisikiliza mazungumzo ya chinichini, kama ya watu wanaopatana bei. Alipotoka alikuwa anatoka jasho.

"Nimetoa wengi," alisema. "Wakorofi, walevi, wenye kudai hiki na kile. Huyu hadai kitu. Ananiambia ameruhusiwa. Nani kati yenu alimruhusu?"

Shemeji alitazama sakafu. Bi Misimbo akaeleza yote: lile sharti, zile tarehe, ile siku tupu katikati. Mama Cherehani alisikiliza huku akijikunjia futi yake kidoleni. Akauliza kama pengo lile limekwisha kuzibwa. Bi Misimbo akajibu kwamba sharti linafanya kazi kama kawaida, ila kwenye mfumo siku ile yenyewe bado imeandikwa tupu, na itabaki hivyo asipoirekebisha kwa kurudi nyuma.

"Basi ndiyo anapojishikilia. Aliyeingia kwa ruhusa simwezi, nitasema hadi sauti inikauke na yeye atanicheka. Ifute ruhusa yake. Akishakuwa mwizi, niachie mimi."

Lilionekana jambo jepesi, lakini halikuwa. Mtu hawezi kugusa tarehe iliyopita bila kuandika sababu ya kweli, na akishagusa, mfumo wenyewe unawapelekea wakaguzi taarifa: nani kagusa, na mizigo ipi ilipita siku ile bila sharti. Siku ile ulipita mzigo mmoja tu. Bi Misimbo alieleza hayo bila kupamba, na Shemeji, aliyekuwa hajawahi kumpandishia sauti tangu amwoe mdogo wake, alisimama akamwambia anataka kuvunja nyumba ya watu kwa sababu ya mshona nguo.

"Watanifunga, shemeji. Wewe utapoteza kazi, utapata nyingine. Mimi watanifunga."

Akasema watafute mtaalamu mwingine, wapo wengi, wapo wenye nguvu zaidi. Bi Misimbo alikubali wangoje. Moyoni alifurahi kupewa sababu ya kungoja, na furaha hiyo ilikuja kumtafuna baadaye.

Mtaalamu mwingine alikuja, akala, akaondoka. Mdogo wake alikonda mikono na shingo huku tumbo likizidi kuwa gumu. Chumba kilikuwa kimya sasa, unga umeacha kuanguka, hata ile harufu imepungua, na Shemeji akaanza kusema kwamba pengine mambo yanajitengeneza yenyewe. Alasiri moja Bi Misimbo alikuwa akimpaka mdogo wake mafuta mgongoni, mgonjwa amelala ubavu, pumzi zake fupi fupi, na katika ule ukimya akaisikia tena ile sauti ya kukwaruza, ndogo, ya subira, akageuza uso kulitazama kabati, lakini kabati lilikuwa limenyamaza, akainamisha kichwa taratibu huku akijiombea awe amekosea, akaweka sikio juu ya ngozi ya tumbo iliyokazwa kama ya ngoma, na humo ndani, pale ambapo mama yeyote angesikia mtoto akijigeuza, alisikia ukucha ukianzia chini na kupanda polepole hadi juu, kisha ukaanza tena chini.

Asubuhi iliyofuata hakumuaga Shemeji. Alimpitia Mama Cherehani akampa ufunguo wa nyumba, wakakubaliana simu ziwe wazi pande zote mbili ili mganga ajue ni wakati gani hasa ruhusa imekatika.

Ofisini wenzake walikuwa wamekwenda kunywa chai. Alifungua namba ya samani, akateremka hadi kwenye ile siku. Ilikuwa mstari mmoja tu mweupe kati ya mistari iliyojaa. Simu aliiegemeza kwenye kikombe cha kalamu. Kwa mbali alimsikia Mama Cherehani akisoma maneno yake, na maji yakimwagika. Alipoanza kuandika tarehe, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ofisini, nzito kiasi kwamba machozi yalimtoka. Aliandika sababu. Safari hii aliandika ukweli, kwa jina lake na kwa cheo chake. Kilichobaki ni kubonyeza.

Kisha kwenye simu ikaja sauti nyingine, karibu kabisa, kama kwamba mdomo umegusana na simu.

"Dada, ni mimi. Usibonyeze."

Haikuwa ile sauti ya taratibu. Ilikuwa sauti ya mdogo wake hasa, imekwama kwa kilio, yenye kile kikohozi chake kidogo kabla ya neno zito, sauti aliyoijua tangu ilipokuwa ikimwita gizani utotoni kuomba asindikizwe msalani, na ilikuwa ikimwambia kwamba amekwisha kutoka, Dada, amekwisha kutoka mwenyewe, nimebaki peke yangu hapa, usimfunge mume wangu, mwanangu atamjua baba yake kwa picha, nakuomba, kama uliwahi kunipenda ngoja mpaka nijifungue, na nyuma ya sauti hiyo Mama Cherehani alikuwa akipaza maneno yake bila kukata, akisoma juu ya kilio kile kama hakisikii, na Bi Misimbo, kidole hewani, alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, akaitikiwa kama alivyokuwa akiitikiwa siku zote.

Alibonyeza.

Upande wa pili kulisikika kishindo cha ubao kupasuka, halafu kimya. Baada ya muda Mama Cherehani akashika simu. Alihema kwanza.

"Ametoka," alisema. "Kioo kimevunjika chote. Mdogo wako amelala."

"Amelala tangu lini?"

"Tangu nilipoingia. Hajafumbua jicho."

Wakaguzi walifika kabla ya jua kuzama. Maofisa waliokuja kuchukua kabati walikuwa wawili, wakalibeba kama sanduku tupu, likaenda kuchomwa pamoja na mali nyingine zilizokamatwa. Shemeji alikamatwa kazini kwa rafiki yake alikokuwa amejificha. Mahakama ilimhurumia mtumishi aliyejisalimisha, ikatosheka na kufukuzwa kwake kazi. Mfanyabiashara haikumhurumia, ikamfunga. Mkuu wa kitengo, aliyeidhinisha bila kusoma, alihamishiwa kitengo kikubwa zaidi.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, wa kike, mdogo mno, lakini alilia vizuri na alinyonya vizuri. Bi Misimbo alipata habari hizo kwa majirani. Mdogo wake alikuwa amehama bila kuaga, akapanga chumba kimoja upande mwingine wa mji. Mara ya kwanza alipomwendea, mlango haukufunguliwa. Mara nyingine alimwachia nguo za mtoto kwa jirani, na jirani akazirudisha. Bi Misimbo alikuwa sasa akifanya kazi ya kuandikia watu barua dukani kwa mtu mwenye mashine ya kuchapa, na kila alipopata nafasi alirudi kubisha.

Siku mlango ulipofunguliwa ilikuwa asubuhi. Mdogo wake alikuwa amenenepa kidogo, uso umerudi rangi yake. Mtoto alikuwa begani, amelala. Hakumkaribisha ndani, na hakufunga mlango pia. Bi Misimbo alitaka kumgusa mtoto, mdogo wake akasogeza bega.

Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Halafu Bi Misimbo akaanza kusema yale aliyokuwa ameyapanga njia nzima: kwamba hakuwa na namna, kwamba kilichokuwa tumboni hakikuwa mtoto peke yake, kwamba alikisikia kwa sikio lake. Mdogo wake alimwacha amalize. Kisha akamwambia, bila hasira, kwamba daktari alimweleza yote: damu ilipungua, na damu ikipungua sana mtu hula vitu vya ajabu na kusema ovyo. Hapakuwa na kitu kingine. Palikuwa na mgonjwa, na palikuwa na dada yake aliyewaamini washona nguo.

"Hukumbuki," Bi Misimbo alisema. "Ulikuwa hujui hata uko wapi. Siwezi kukulaumu, hukumbuki."

"Mengi sikumbuki," mdogo wake alikubali. Alikohoa kidogo. "Simu naikumbuka. Nilikuomba ungoje nijifungue. Nilikwambia mwanangu atamjua baba yake kwa picha. Ukaniita, nikakuitikia. Halafu ukabonyeza."

Mtoto alijinyoosha begani, akatulia tena. Mdogo wake alirudi ndani na kufunga mlango polepole, asimwamshe.

Bi Misimbo alibaki ukumbini kwa watu, mfuko wa nguo za mtoto mkononi. Mama Cherehani alikuwa amemwapia kwamba mgonjwa alilala tangu mwanzo hadi mwisho, hakufumbua jicho wala kufungua kinywa kwa akili yake. Mpangaji mmoja alimpita na ndoo ya maji akimtazama. Bi Misimbo alisimama pale muda mrefu, akijaribu kuchagua lipi lililo afadhali: kwamba aliyelia kwenye simu siku ile alikuwa mdogo wake kweli, au kwamba aliyemfungulia mlango sasa hivi, na kuondoka na mtoto begani, hakuwa yeye.